Jani Ambalo Si Jani: Viumbe wa Umbo la Kuti Katika Bahari ya Kale

Ukizunguka kwa wauza malakite wa Lubumbashi, mapema au baadaye utaonyeshwa jiwe lenye picha ya mti. Ni bamba la kijivu au rangi ya maziwa, na juu yake matawi meusi membamba yamejichora, moja likizaa jingine, hadi uko tayari kuapa kwamba kangaga lilibanwa humo zamani za kale. Muuzaji atakuambia kwa moyo mweupe kwamba ni jani lililogeuka jiwe. Jani halikuwahi kuwepo. Ni manganizi: maji yenye madini hayo yalipenya kwenye ufa wa mwamba, yakakauka, na madini yakabaki yakitawanyika matawi matawi bila uhai wowote kuhusika.

Kulitambua si kazi ngumu. Pitisha ukucha juu yake: ni bapa kama wino, halina mwinuko wala bonde. Tazama upande wa jiwe: mara nyingi mchoro huo umefuata ufa unaokata matabaka, haukulala juu ya tabaka lenyewe. Kisha linganisha michoro miwili katika bamba moja, utaona kila mmoja una matawi yake ya ovyo, hakuna mpango unaojirudia. Mwili wa kiumbe huwa na mpango, na mpango huo hurudi kutoka kwa mmoja hadi mwenzake.

Nimeanza na jiwe hilo kwa sababu yako mawe mengine duniani, ya umri unaokaribiana na miamba yetu ya Katanga, ambayo juu yake picha ya jani ni mwili kweli. Mwinuko upo, mpango upo, na mamia wamelala pamoja juu ya tabaka moja. Hata hivyo nao si majani. Ni miongoni mwa viumbe wakubwa wa kwanza tunaowajua waliosimama juu ya sakafu ya bahari, na kwa miongo mingi watu wasomi wamebishana kama ni mimea, wanyama, kuvu au kitu kisicho na jamaa aliye hai. Ubishi huo umeanza kutatuliwa, na njia iliyotumika kuutatua ni nzuri kuliko jibu lenyewe.

Kwanza wakati. Miamba inayobeba shaba na kobalti yetu, kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, ilianza kama matope, mchanga na chokaa chini ya maji. Wanajiolojia huigawa katika makundi matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Waliofanya kazi machimboni Kolwezi wanalijua tabaka linaloitwa RSC, jiwe gumu lenye vishimo vishimo, lililo kati ya tabaka mbili za madini. Humo mna stromatoliti, yaani vilima vidogo vya mawe vilivyojengwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, utando mmoja juu ya mwingine. Uhai ulikuwepo tele, lakini ulikuwa uhai wa utelezi. Kati ya tabaka hilo na viumbe wetu wa umbo la kuti kuna zaidi ya miaka milioni 100.

Katikati ya muda huo ikaja barafu. Mwanzoni mwa kundi la Nguba limelala jiwe ambalo jiolojia ya Kongo huliita Grand Conglomérat: kokoto na mawe ya kila ukubwa yamesongamana ndani ya tope lililokuwa jiwe, mzigo ulioburutwa na barafu. Wanajiolojia wengi huliweka katika baridi kuu iliyoanza yapata miaka milioni 717 iliyopita. Mwanzoni mwa Kundelungu kuna la pili, Petit Conglomérat, ambalo hulinganishwa na baridi kuu iliyoisha yapata miaka milioni 635 iliyopita. Nyakati hizo barafu ilifika hata nchi zilizokuwa karibu na ikweta. Barafu ilipoyeyuka mara ya pili, kipindi kipya kilianza, na mwaka 2004 wanajiolojia wa dunia walikipa rasmi jina la Ediakara, kwa heshima ya vilima vya Ediacara huko Australia Kusini, ambako mwaka 1946 Reg Sprigg aliona alama za viumbe laini juu ya mawe ya mchanga. Kwa hiyo miamba ya Kundelungu iliyo juu ya Petit Conglomérat ni ya kipindi hicho au ya baada yake. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kwenda mbali ili kukanyaga wakati huo.

Hizi hesabu za mamilioni hupatikanaje? Jibu lake nalo linapita Katanga. Urani, madini yaliyoufanya mgodi wa Shinkolobwe ujulikane duniani na ambayo Marekani iliyatumia kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki, hujigeuza polepole kuwa madini ya risasi. Aina yake iitwayo urani 238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, na ile iitwayo urani 235 kila baada ya miaka milioni 704. Volkano inapotapika majivu, ndani yake huwa na punje ndogo za madini ya zirkoni, na zirkoni inapoumbika hupokea urani lakini huikataa risasi. Kwa hiyo risasi inayokutwa ndani ya punje hiyo leo ni ile iliyozaliwa na urani. Ukipima kiasi cha urani kilichobaki na kiasi cha risasi kilichopatikana, unajua majivu yaliumbika lini. Bahati kubwa ni kwamba viumbe wengi wa umbo la kuti walizikwa na majivu hayohayo.

Wa kwanza kuokotwa na kupewa jina walitoka bara letu. Mwaka 1908, kusini mwa nchi tunayoiita leo Namibia, Paul Range na Hans Schneiderhöhn walikusanya mawe ya mchanga yenye maumbo ya majani manene yenye mifereji. Mmoja wa viumbe hao baadaye aliitwa Rangea. Hakuna aliyetambua uzito wa jambo hilo wakati ule, kwa sababu wasomi waliamini kwamba miamba ya kabla ya Kambria, kipindi kilichofuata Ediakara, haina visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya viumbe wakubwa.

Imani hiyo ilikuwa na nguvu ya kumfanya mtu asione kilicho mbele ya macho yake. Mwaka 1956 msichana wa shule, Tina Negus, aliona umbo la jani juu ya mwamba katika msitu wa Charnwood, Uingereza. Alimweleza mwalimu wake, akajibiwa kwamba miamba ile ni ya zamani mno, haiwezi kuwa na kisukuku. Mwaka uliofuata mvulana wa shule, Roger Mason, alipanda mwamba uleule na wenzake, akauona mchoro uleule, akaunakili kwa kuweka karatasi juu yake na kusugua kwa kalamu. Yeye alipata wa kumsikiliza: baba yake alimfikisha kwa mwanajiolojia Trevor Ford, ambaye mwaka 1958 alitoa maelezo ya kiumbe huyo na kumwita Charnia masoni. Umri wa mwamba ulikuwa unajulikana kuwa wa kabla ya Kambria bila shaka yoyote, na hapo mlango ukafunguka. Mimi kila ninapomtaja Mason humtaja na Negus, maana macho yake yalikuwa sahihi. Masikio ndiyo yaliyokosekana.

Tumtazame Charnia kwa karibu. Kwenye jiwe ana urefu wa kama sentimita 20, mpana katikati, ncha yake imechongoka. Kwa haraka ni jani. Lakini jani la kangaga lina uti katikati, na Charnia hana. Badala yake kuna mstari wa kwenda kombo, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa sababu matawi ya pande mbili hayakukabiliana. Kila tawi la kulia limeanzia katikati ya mawili ya kushoto. Sasa sogeza jicho kwenye tawi moja. Limegawanyika kuwa matawi madogo yenye umbo lilelile la mama yao. Sogea tena: kila dogo nalo limegawanyika vilevile. Katika jamaa wa Charnia waliohifadhiwa vizuri, mgawanyo huo hurudiwa hata mara nne, hadi vipande visivyofika milimita moja. Kundi lote lenye ujenzi huu huitwa rangeomofu, kwa jina la yule Rangea wa Namibia. Chini ya kuti, wengi walikuwa na kikonyo, na chini ya kikonyo kisahani cha mviringo kilichowashikilia kwenye sakafu ya bahari.

Mahali pa kuwaona kwa wingi ni Mistaken Point, pwani ya kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada. Mwanafunzi kutoka India, Shiva Balak Misra, aliwagundua hapo mwaka 1967, na mwaka 2016 UNESCO ikapaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Matabaka yamelala wazi mbele ya bahari, na wageni huvua viatu kabla ya kuyakanyaga. Saa sita za mchana huoni kitu cha maana. Jua linaposhuka, mwanga unapopita ubavuni mwa mwamba, kila mwinuko hutoa kivuli chake, na sakafu yote hujaa makuti. Mengi yamelala kuelekea upande mmoja. Alama hiyo ina maana kubwa: mkondo uliwalaza huku bado wameshikwa na visahani vyao, kisha majivu ya volkano yakawafunika walipokuwa. Tunachokiona kwa hiyo ni jamii nzima pale ilipoishi, wakubwa kwa wadogo, kama ilivyokuwa siku ile. Tabaka maarufu zaidi hapo lina umri wa miaka kama milioni 565. Mengine ya jirani ni ya zamani zaidi, yapata miaka milioni 574, na ndani yake amepatikana mmoja aitwaye Trepassia, mwenye urefu unaokaribia mita 2.

Hapo Mistaken Point ndipo dhana ya mimea ilipoangukia. Matope yaliyo kati ya tabaka na tabaka yana alama za maporomoko ya chini ya bahari, yale yanayotiririka kwenye miteremko ya kina kirefu, na hayana hata alama moja ya mawimbi. Mawimbi ya dhoruba hufika chini sana. Mahali ambapo hayakufika, mwanga wa jua nao haukufika. Mmea au mwani unaoishi kwa jua ungefanya nini kwenye giza hilo? Angepatikana mmoja au wawili tungesema walisombwa kutoka juu. Lakini hawa wameshikamana na sakafu kwa mamia. Waliishi gizani, kwa hiyo chakula chao hakikutoka kwenye mwanga.

Mtu mwingine alipendekeza kuvumwani, ule ushirika wa kuvu na mwani unaobandika mawe na magome ya miti. Mwanajiolojia Gregory Retallack alisema mwaka 2013 kwamba baadhi ya visukuku vya Australia ni vya nchi kavu na vilifanana na kuvumwani. Wengi hawakukubali, nami sioni jinsi hoja hiyo inavyoweza kuwavuta viumbe wa Newfoundland waliozikwa ndani ya tope la kina kirefu. Mtaalamu wa visukuku Adolf Seilacher naye, katika miaka ya 1980, alisema hawa si mimea wala wanyama, bali ni jaribio la pekee la uhai, miili ya vifuko vilivyoshonwa pamoja vikajaa majimaji, lililokwisha bila kuacha mtoto. Wazo hilo lilikosea mambo kadhaa, lakini lilifanya kazi kubwa: liliwalazimisha watu waache kumsukumiza kila kiumbe ndani ya jamii wanayoijua.

Kabla yake, jibu lililopendwa lilikuwa la mtaalamu mwingine wa visukuku, Martin Glaessner. Aliwafananisha na wanyama wa baharini wa jamii ya matumbawe wenye umbo la unyoya, ambao mpaka leo husimama kwenye matope ya bahari wakikamata chakula kwa vikono vidogo. Mfanano ni wa kweli kwa macho. Tatizo ni ukuaji. Unyoya wa bahari huongeza matawi mapya upande wa chini, karibu na shina. Jonathan Antcliffe na Martin Brasier walipopanga Charnia wadogo hadi wakubwa mwaka 2007, waliona kinyume chake: matawi mapya hutokea kwenye ncha, na ya chini ndiyo ya zamani. Viumbe wawili wanaokua kwa kuanzia ncha mbili tofauti hawawezi kuwa ndugu wa karibu, hata wafanane vipi wakishakuwa wakubwa.

Swali la ukuaji likawa ufunguo. Mwaka 2021 Frances Dunn na wenzake walichunguza Charnia wenye uhifadhi bora, tawi kwa tawi, wakaona jinsi kila tawi lilivyochipuka kutoka kwa lililotangulia na jinsi mwili ulivyopanuka. Hitimisho lao ni kwamba mpango huo unawaweka ndani ya ukoo wa wanyama, kwenye tawi lililochipuka kabla ya mababu wa wanyama wengi wa leo kutengana. Hoja hii naiona ina nguvu kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu haitegemei sura ya mwisho ya kiumbe. Inategemea njia aliyopita kufika kwenye sura hiyo. Jirani yao wa kipindi hichohicho, Dickinsonia, aliyekuwa kama mkeka wa mviringo wenye mistari, alithibitishwa kwa njia nyingine kabisa: mwaka 2018 Ilya Bobrovskiy na wenzake walikuta mabaki ya kolesteroli kwenye visukuku vyake kutoka pwani ya Bahari Nyeupe, Urusi. Kolesteroli kwa wingi huo ni alama ya mnyama.

Basi mnyama asiye na mdomo, asiye na utumbo, asiye na mguu, alikula nini? Jibu liko katika yale matawi yanayojirudia. Kila mgawanyo huongeza ngozi bila kuongeza unene, na kiumbe mwenye ngozi nyingi na mwili mwembamba anaweza kunywa virutubisho vilivyoyeyuka majini moja kwa moja. Marc Laflamme na wenzake walipiga hesabu hiyo mwaka 2009 na kuonyesha kwamba inawezekana. Wengine wanashikilia kwamba walichuja chembe za chakula zilizopita na mkondo. Njia yoyote kati ya hizo inahitaji maji yanayosogea, na maji yaliyogusa sakafu husogea polepole kuliko yaliyo juu yake kidogo. Kikonyo kilimwinua kiumbe kwenye mkondo ulio bora. Lakini Emily Mitchell na Charlotte Kenchington walipopima mahali na kimo cha kila kiumbe Mistaken Point, mwaka 2018 walipendekeza kwamba urefu uliwasaidia zaidi kusambaza watoto mbali kuliko kushindania chakula.

Kuhusu watoto tunajua jambo la kushangaza zaidi. Kuna rangeomofu aitwaye Fractofusus, asiye na kikonyo, aliyelala chali kwenye matope. Spishi yake moja ina jina la Misra, misrai. Mitchell na wenzake walichora ramani ya maelfu yao na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Wale wakubwa wametawanyika bila mpangilio. Kandokando ya kila mkubwa kuna kundi la wa kati, na kandokando ya wa kati kuna kundi la wadogo. Ndivyo matembele yanavyojaza bustani: shina linatambaa, linagusa udongo, linaota mche, na mche nao unatambaza lake. Wakubwa walifika kwa kuelea majini kama vichipukizi vilivyoachiliwa, kisha wakazaa majirani kwa kutambaza. Mwaka 2020 Alexander Liu na Dunn walieleza nyuzi nyembamba zilizohifadhiwa kati ya viumbe wa umbo la kuti huko Newfoundland, nyingine zikifika mita 4. Huenda nyuzi hizo zilikuwa za kuzaliana hivyo, huenda pia zilisaidia kushikilia sakafu au kugawana chakula.

Kwa nini walitokea wakati ule? Yapata miaka milioni 580 iliyopita kulikuwa na baridi ya tatu, fupi kuliko zile mbili tulizoziona kwenye mawe ya Katanga. Baada yake, kemia ya matope ya Newfoundland inaonyesha kwamba oksijeni ilianza kufika kwenye kina cha bahari, na miaka milioni chache baadaye makuti yapo. Mfuatano huo haumalizi swali, ila ni vigumu kuamini kwamba hayo mawili hayahusiani.

Walidumu kwa zaidi ya miaka milioni 30. Wa mwisho tunawakuta tena Namibia, ndani ya mchanga wa maji ya kina kifupi: Swartpuntia, Pteridinium na wenzao, karibu miaka milioni 540 iliyopita. Kisha mawe ya juu yake yanabadilika tabia. Yamechimbwa. Wanyama wenye mdomo na misuli walianza kutoboa sakafu, wakala na kuuvuruga ule utando wa vijidudu uliokuwa umefunika matope tangu enzi za stromatoliti. Visahani vilipoteza pa kushika, na wenye makuti hawakuwa na mguu wa kuhamia kwingine.

Hapa kuna hoja moja isiyopaswa kupuuzwa. Utando huo ndio uliosaidia pia miili laini kuacha alama yake kwenye mchanga. Ukiondoka utando, hata kiumbe aliyeendelea kuishi anaweza asiache kitu. Ndiyo maana watu wamewatafuta ndani ya miamba ya Kambria. Mwaka 1993 Simon Conway Morris alieleza Thaumaptilon kutoka Burgess Shale, Kanada, akaona ni mjukuu wao. Mwaka 2018 Jennifer Hoyal Cuthill na Jian Han walisema vivyo hivyo kuhusu Stromatoveris kutoka Chengjiang, China, mwenye umri wa miaka kama milioni 518. Wote wawili wana umbo la kuti, na umbo peke yake limetudanganya mara nyingi. Kitakachoamua ni vielelezo vya watoto wao, wakipatikana wa kutosha, vioneshe tawi jipya lilitokea upande wa ncha au upande wa shina.